Mwaka wa Raba za Kijivu

Siku ya kugawa vitu vya marehemu Tusekile, kule Igawa, mimi nilipewa boksi la viatu. Vitenge vilikuwa vimekwisha kwenda kwa mashangazi, masweta kwa wadogo zake, na sufuria zilikuwa zimegombaniwa kwa ule upole wa msibani wa kusema "chukua wewe" huku mkono haujaachia. Nilikuwa nimekaa mwisho wa mkeka, nikijigeuza kila mara, maana sijawahi kuwa mtu wa kutulia mahali, iwe msiba au arusi. Dada Bupe, mkubwa wake marehemu, akatoka chumbani akaniwekea boksi mapajani. "Skola, raba zako hizi. Si nyie ndio mlikuwa wakimbiaji?" Nikafungua, nikatoa moja, nikaigeuza kutazama soli, nikabonyeza kisigino, nikaishika huku na huku nikaisokota kama mtu anayekamua nguo. Mikono ilifanya yenyewe, sikuituma. Wanawake wakaangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi. "Jamani, huyu anakagua vya marehemu kama yuko mnadani!" Nilicheka nao, kisha kicheko kikaniishia. Zilikuwa raba mpya, soli haijaonja vumbi, na hazikuwa za mguu wa Tusekile. Mguu wake naujua. Ulikuwa umeinuka katikati kiasi kwamba panya angepita chini yake bila kuinama. Raba hizi zilikuwa zimenyooka, ngumu, na upande wa ndani, chini ya upinde wa mguu, zilitiwa kipande kigumu cha kijivu cha kumzuia mtu asilalie ndani anapokanyaga. Mwenye mguu wa Tuse asingefika nazo hata barabarani. "Alizivaa lini?" nikamuuliza Bupe. "Hajazivaa kamwe. Zimekaa juu ya kabati tangu kabla hajaanza kuumwa. Tukimuuliza anamwekea nani, anasema mwenyewe anajijua."

Siwezi kulieleza boksi lile bila kurudi Iringa, kwenye chumba cha uani kwa Mama Fute, pale Kihesa, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa. Habari za nani alinizaa na nilisoma wapi ziko kwingine na hapa hazisaidii kitu. Inatosha kusema matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kuficha chini ya godoro. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya mbao mbichi kutoka Mafinga, mbao ambazo zilitoa utomvu kila jua lilipowaka, na kilinuka soksi zilizolowa na dawa ya kuchua. Kimoja kilikuwa changu, kingine cha Tuse, binti wa Kinyakyusa aliyekuja Iringa kumfuata kocha. Huyo kocha, Mwalimu Mhema, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyetufundisha kukimbia kwa mapenzi yake tu, filimbi shingoni hata siku za ibada. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba mwezi wa saba, huko Mbeya, timu ya kikosi kimoja cha serikali itachagua wasichana wa mbio ndefu, na atakayechaguliwa atapata ajira, sare na kitanda. Tangu siku ile sikukaa. Nilikula nimesimama. Nikiambiwa nisubiri chai ichemke, naizunguka nyumba kwanza. Sikuwa na mlango mwingine wowote maishani, na mlango huo mmoja ulikuwa mbali mpaka Mbeya.

Asubuhi tulishuka mbio mpaka Ipogolo, barabara kuu ilipo, kisha tukapanda tena ule mlima wa kuingia mjini, malori ya nyanya za Ilula yakiguna pembeni yetu na mataniboi wakitupigia miluzi. Tukirudi tunaoga, tunakwenda kukanda unga wa chapati kwenye mgahawa wa Mama Fute, na hiyo ndiyo ilikuwa kodi yetu ya chumba. Tatizo langu lilianzia kwenye mteremko. Kila mguu ulipogusa lami, ugoko uliwaka kwa ndani, ule mfupa wa mbele, kama mtu anaukwangua kwa kijiko. Nilikanda chapati nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, nikibadilisha, na wateja wakawa wananiita Korongo. Tuse hakuwa na tatizo hilo. Alikimbia kwa ukingo wa nje wa mguu, mwepesi, akigusa chini kidogo tu na kuondoka.

Mama Fute alikuwa na baraza la saruji nyekundu alilolipiga nta kila Jumamosi, na alilipenda kuliko wajukuu zake. Jumamosi moja tulitoka bafuni miguu ikiwa inachuruzika tukalivuka bila kufikiri. Akatushika palepale. "Njooni hapa! Njooni mwone mlivyonifanyia!" Tukarudi tukasimama kando yake kama watuhumiwa, tukatazama. Nyayo za Tuse zilikuwa kisigino, halafu kamstari kembamba pembeni, halafu vidole. Zangu zilikuwa nzima, pana, hazina nafasi yoyote katikati, zimejaa kama matofali. Mama Fute akasahau hasira. "He! Skola, mguu wako wote unakunywa maji." Tuse akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikachukua tambara nikafuta zangu kwanza, kwa sababu Mwalimu Mhema alikuwa anaingia getini na sikutaka azione.

Alikuwa ameziona zamani, kumbe. Ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na jioni za masika Mwalimu alipenda kupita kukaa jikoni kwa Mama Fute na jagi lake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikiangalia maharage. "Na huyu Skola wangu, Mwalimu," Mama Fute alisema, "mbona kila siku anachua miguu?" Nikasikia ulanzi ukimiminwa. "Skola ni nyayo bapa, mama. Miguu ya namna ile haifiki mbali. Nampeleka Mbeya amvute mwenzie tu, Tuse akimbie ana mtu pembeni." "Umemwambia?" "Nimwambie ili iweje? Akijua atalegea." Mama Fute akasogeza kikombe chake. "Ee. Haya, tikisa hilo jagi, huo wa juu ni maji matupu." Maharage yaliungua na sikuyatoa. Niliumia, niseme wazi, na uchungu ule ulipita wa ugoko. Nilikuwa nimejenga maisha yangu yote yajayo juu ya safari ile, na kumbe kwenye safari hiyo mimi nilikuwa mzigo wa kumsindikiza mwingine. Nilipomwambia Tuse, alikuwa anamenya viazi. Aliacha kisu. "Wewe univute? Kwani mimi mkokoteni?" Kisha akaona uso wangu akaacha mzaha. "Basi tutafute viatu, Skola. Tulivyo navyo ni vya netiboli. Labda ni viatu."

Siku ya kufungua belo la viatu vya mitumba watu walifika sokoni kabla ya wauzaji. Mwalimu Mhema alikuja nasi. Enzi hizo sisi wote tulikuwa na kipimo kimoja cha raba ya kukimbilia, na hakuna aliyejua kilitoka wapi: unabonyeza soli kwa kidole gumba, ikizama sana ndiyo nzuri. Ungewaona watu wazima wamechuchumaa wanabonyezabonyeza viatu kama wanaonunua maparachichi. Mimi nilipata nyeupe zenye mistari ya buluu, laini mno, zinakunjika katikati ukazitia mfukoni. Nilizipenda kwa moyo wote. Nilizinusa njia nzima. Mwalimu naye akamchagulia na kumlipia Tuse, mtu wake, za kijivu, nzito, ngumu, zenye kipande kigumu upande wa ndani, zisizopindika hata ukizikanyaga. "Hizi ni za mkimbiaji," alisema. "Mazoezini unavaa kizito, siku ya mashindano unakuwa unyoya." Hakuna aliyegeuza soli kutazama mwenye kiatu wa kwanza alikikanyaga vipi. Kiatu cha mtumba kimekwisha kuzoea mguu wa mtu mwingine, na sisi tulikuwa tunanunua rangi na ulaini.

Mwezi haukuisha. Nyeupe zangu zililalia ndani, mguu nao ukazifuata, na ugoko ukawa unaniuma hata nimelala. Tuse akaanza kuchechemea. Zile za kijivu zilimsukuma nje wakati yeye tayari ni mtu wa kukanyaga nje, na mara mbili kifundo kilimpinduka kwenye mteremko wa Ipogolo. Kila mmoja alinyamaza kwa sababu yake. Mimi niliogopa kuthibitisha maneno ya Mwalimu, yeye aliogopa kuonekana ameidharau zawadi. Halafu siku moja raba zangu zilikuwa zimefuliwa hazijakauka, mkaa umekwisha mgahawani, na Mama Fute anapiga kelele. Nilichomeka miguu kwenye zilizokuwa mlangoni, zile za Tuse, saizi yetu ikiwa moja, nikatoka mbio. Nilifika kwa muuza mkaa, nikabeba, nikarudi nusu nikikimbia, na ni wakati natua gunia ndipo nikagundua kuna kitu kimekosekana. Ugoko ulikuwa kimya. Nikarudi barabarani nikakimbia tena, bila kutumwa, mpaka kanisani na kurudi, nikiwa na aproni ya unga. Kimya. Tuse alinikuta nimekaa kizingitini nalia. "Nani amekupiga?" Nikamwambia, "Vaa nyeupe." "Zimelowa." "Vaa!" Akavaa, akazunguka uani, akasimama. "Mwe! Skola. Mguu umepata godoro."

Tangu hapo tukawa na ugonjwa. Kwenye mlango wa Mama Fute zilikaa kandambili za nyumba nzima, na tulianza kuzigeuza moja moja. Kandambili zangu zilikuwa zimelika upande wa ndani mpaka zikawa karatasi, za Tuse zimelika ukingo wa nje, na mbele ya macho yetu muda wote palikuwa na jibu tulilokuwa tunalivua kila tukiingia ndani. Anayelalia ndani anataka kiatu kimshikilie, anayekanyaga nje anataka kiatu kimpokee. Tulikagua za wateja, za wanakwaya, za Mama Fute mwenyewe, aliyetufukuza na mwiko. Lakini Mwalimu hatukumwambia. Tulitoka nyumbani kila mmoja amevaa zake, tukafika kwenye kalavati la kwanza tukakaa chini na kubadilishana, na tukirudi tunabadilishana tena. Mimi nilitaka tumwambie, sikuwa na subira na maigizo. Tuse alikataa. "Akijua kwamba zawadi yake ndiyo inayokukimbiza wewe, atazichukua. Ngoja Mbeya." Kwa hiyo tulingoja, na mimi kungoja kulinikondesha kuliko mlima.

Mbeya tulifikia Uyole, nyumbani kwa dada Bupe, tukalala chumba cha magunia ya viazi. Baridi ya mwezi wa saba ilipenya mpaka kwenye meno. Bupe alitupikia ndizi na maharage, akatujazia sahani mara mbili, lakini nilipokwenda kunawa nikamsikia kwenye ukumbi. "Tuse, huyu Mhehe wako mwenye miguu ya bata, wakimkataa mtamrudishaje? Watu wanasema nyayo bapa hawazichukui kabisa." Tuse akajibu kwa sauti ya chini, kwa Kinyakyusa, haraka, na sikuambulia ila jina langu. Nilirudi nikala ndizi zote. Nilikasirika kiasi kwamba sikuhisi baridi tena.

Asubuhi, kwenye mstari, tulibadilishana viatu mbele ya Mwalimu Mhema, kweupe. Alitoa filimbi mdomoni. "Nani amewaambia mbadilishe?" "Miguu yenyewe, Mwalimu," Tuse alisema huku anafunga kamba. Palepale tukaanzishwa. Ilikuwa kutoka Uyole kwenda mjini, barabara inayopanda bila kukubali kwamba inapanda, upepo wa mlimani usoni. Wasichana wengi waliondoka kwa kasi, wakakwama. Nilisikia viatu vyangu vikipiga lami sawasawa, tap, tap, bila kulalia popote, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilitulia. Ni ajabu kusema nilitulia nikiwa nakimbia, lakini ndivyo. Sikumvuta mtu. Tuse alikuwa mbele yangu, nyeupe zikimrusha, akamaliza wa kwanza. Mimi nikawa wa tatu. Walisema watachukua watano. Tulikumbatiana tukaanguka kwenye majani, na Bupe, aliyekuja na kanga begani, alinipiga mgongoni akisema, "Bata huyu! Bata huyu!"

Halafu wakatuingiza kwenye chumba cha darasa. Palikuwa na karai la maji na sakafu ya saruji, na bwana mmoja mwenye koti na biro. Kanyaga maji, kanyaga sakafu, pita. Nilijua palepale. Nilikuwa nimewahi kulifuta jambo hilo kwa tambara barazani kwa Mama Fute. Tuse, aliyekuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Kunja vidole. Simama kwa ukingo wa nje. Kunja, Skola." Nikakunja. Mguu wa kulia ukashika, ukaacha hata kanafasi katikati. Wa kushoto ulitetemeka, nikauona ukishuka, ukajaza sakafu. "Rudia," alisema yule bwana. Nikarudia. Akatikisa kichwa. "Binti, umekimbia vizuri. Lakini nyayo bapa hatuchukui." "Nimekuwa wa tatu na nyayo hizihizi." "Nimeona." "Sasa?" "Sasa kapumzike." Alisema kwa upole, na upole wake niliuchukia kwa miaka mingi. Nje, Mwalimu Mhema alikuwa ameshavua kofia. "Nilijua," alisema. Nikamwambia, "Hukujua nitakuwa wa tatu." Akatazama chini, akazitazama raba za kijivu miguuni pangu. Mwaka uliofuata, niliambiwa, alikuwa anawageuzia soli za viatu wasichana wote kabla hawajanunua.

Siku ya kuagana Tuse alinipeleka Mwanjelwa kunisindikiza. Yeye alikuwa anabaki, sare ilikuwa inamsubiri. Tulipita kwenye vibanda vya mitumba tukigeuza viatu bila kununua, ili tu mikono isibaki bure. Nilikuwa na furaha yake na hasira yangu kifuani, vyote pamoja, na sikujua nikae wapi. Alinirudishia kamba nilizomwazima, akaniambia za kijivu nibaki nazo. "Nikianza kazi nitakununulia mpya, Skola. Za mguu wako, ambazo hajazitembelea mtu mwingine." "Saizi utaijuaje?" "We mwanamke! Si nimevaa viatu vyako miezi yote hii?" Nikamcheka nikapanda basi. Nilikimbia na zile za kijivu mpaka soli ikaachia, halafu nikaolewa Mafinga, nikafungua mgahawa karibu na mashine za kupasulia mbao, nikazaa, nikanenepa, nikaendelea kukimbia alfajiri kando ya misonobari mpaka wapiga mbao wakanizoea. Tuse alikimbia kwa niaba ya kikosi chake miaka kadhaa, kisha wakamweka ofisini, kisha akastaafu akaja Igawa kufanya biashara ya mchele. Tulionana njiani tu, nikipita Igawa kwa basi, yeye ananipitishia mfuko wa mchele dirishani mwa basi, mimi nampa asali, dereva anapiga honi. Hakuwahi kunitajia raba. Nami, kwa ile hasira ya karai, sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu mbio.

Sasa nilikuwa kwenye mkeka nimezishika. Kipande kigumu kiko mahali pake. Soli imenyooka. Kisigino hakibonyei. Alikuwa amezichagua kama tulivyojifunza mlangoni kwa Mama Fute, na ningeapa alizisokota dukani watu wakimshangaa. Nikavua ndala, nikaingiza mguu wa kulia. Ukakwama. Nikatazama ulimi wa kiatu. Saizi ilikuwa ileile, yetu sote wawili, ya mwaka ule. Lakini mguu hausubiri. Wangu umebeba mimba, umesimama jikoni miaka yote hii, umelala zaidi na kurefuka, na yeye, kwenye yale madirisha ya basi, alikuwa akiniona kuanzia kifuani kwenda juu tu. Alikuwa amemnunulia yule msichana niliyekuwa pale Uyole.

"Hazikutoshi," Bupe alisema. Aliinama akataka kuzichukua. "Lete, mtoto wa jirani anacheza netiboli." Nikamzuia mkono. "Zinanitosha, dada." "Skola, naona kwa macho yangu." "Zinanitosha." Ningemwambia mtu mwingine yeyote avue, mimi ambaye siku hizi siwezi kumwona binti anakimbia na kiatu kisicho chake nikanyamaza. Nililegeza kamba zote mpaka mwisho, nikakunja vidole, kama alivyoniambia pale kwenye karai, na miguu ikaingia. Nikasimama. Nikatembea hivyo mpaka barabarani, boksi tupu kwapani, Bupe akinifuata nyuma analia na kucheka, na nikapanda basi la kuelekea Mafinga. Vidole viliniuma njia nzima, na sikuvikunjua.